Kukaa na familia kwenye nanga ya kisiwa cha mbali, kuanzia kuingia mpaka kutoka

Tukifika na chombo chetu cha tanga mahali papya pa kutia nanga swali langu la kwanza sio kama maji ni safi wala kama kuna samaki, ni hili: saa nane ya usiku, upepo umegeuka, mvua inapiga, mwezi hakuna, naweza kuitoa familia yangu hapa? Kama siwezi basi kazi ya kuingia bado sijaimaliza. Mwongozo huu wote nimeupanga kwa swali hilo, manake nimeona watu wanajiandaa vizuri sana kufika kisiwani na kidogo sana kuondoka, na huko mbali fundi hakuna, duka hakuna, daktari yuko mwendo wa siku kadhaa kwa tanga, kila kitu ni nyie mliomo chomboni.

Sisi tuko wanne, wakubwa wawili na watoto wawili, mmoja ana miaka 10 mwingine 6. Hesabu zote hapa chini ni za watu wanne, we badilisha kulingana na idadi yenu.

Hatua ya 1: anza na msimu, kisiwa kitafuata

Kusini mwa Bahari ya Hindi na kusini mwa Pasifiki msimu wa vimbunga ni Novemba mpaka Aprili, Karibi na Atlantiki ya kaskazini ni Juni mpaka Novemba, na Pasifiki ya kaskazini magharibi kimbunga kinaweza kuja mwezi wowote. Usipange kukaa wiki nyingi kwenye kisiwa kilicho wazi ndani ya miezi hiyo, hata kama fulani alikaa akatoka salama. Kile kisiwa cha matumbawe kilichokaa kama pete, maji ya ndani yametulia katikati, kinazuia mawimbi ya bahari kuu ila upepo hakizuii, minazi sio mlima. Ukilala umejikinga nyuma ya nchi kavu unaona raha kabisa, alafu upepo ukigeuka nyuzi 180 sasa mbele yako kuna kilomita kumi za maji wazi yanayojenga mawimbi na mwamba uko mita hamsini nyuma ya sukani yako. Kwa hiyo kabla hujatia nanga popote tazama ramani uone na pa kukimbilia upepo ukija kinyume.

Vibali vishughulikie mapema sana. Visiwa vingi visivyo na watu ni hifadhi, Suwarrow kule Cook Islands, kusini mwa Pasifiki, kwa mfano ni hifadhi ya taifa tangu 1978, na Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, watu wa matanga wamekuwa wakitakiwa kuwa na kibali mkononi kabla ya kufika, pamoja na bima inayolipia kumsafirisha mgonjwa na kuondoa chombo kikizama. Bima hiyo ichukue hata kama hakuna anayekudai.

Hatua ya 2: maji, chakula na mafuta, theluthi ya mwisho haiguswi

Hii ndio kanuni yetu na tunaishika kama sheria. Theluthi ya mwisho ya maji, ya dizeli na ya chakula ni ya kuondokea. Ikifika hapo tunaondoka, hatusubiri mvua.

Maji ya kunywa kwenye joto hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku, na ukijumlisha kupika na kusuuza mwili unaweza kuishi vizuri kwa lita 8 kila mmoja kama vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari kwanza. Watu wanne ni lita 32 kwa siku. Tangi la lita 400 linakwisha siku ya 12, na ukiheshimu theluthi yako unatakiwa kuanza kufikiria kuondoka siku ya 8, hiyo ni bila mvua na bila mtambo wa kuchuja maji ya bahari. Ukiwa na mtambo usiuchukulie kama tangi, ni mashine na mashine inakufa, siku inayokufa tangi liwe limejaa. Na usiusuuze kwa maji yenye klorini, klorini inaharibu ule utando wa kuchujia.

Mvua ndio rafiki wa kweli. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo turubai la mita 10 za mraba kwenye mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 100, mvua ya dakika ishirini tu. Turubai lining'inie na tumbo katikati, mpira wa bomba ufungwe kabisa hapo, dakika tano za mwanzo maji yaachie yaende maana yanaosha chumvi na kinyesi cha ndege, ndo uelekeze kwenye madumu, sio moja kwa moja kwenye tangi kuu. Maji ya wasiwasi chemsha, au weka matone 2 ya bleach ya kawaida isiyo na manukato kwa kila lita ya maji maangavu (ile ya asilimia 5 hadi 6) usubiri nusu saa.

Chakula sitakaa sana. Maboksi ya karatasi yaacheni gatini, yanaweza kuwa na mayai ya mende, na mende akishaingia chomboni hamtaachana naye. Mchele, unga na maharage viwe kwenye vyombo vinavyobana hewa. Mayai ambayo hayajaoshwa wala kuwekwa kwenye friji yanakaa wiki kadhaa ukiyageuza kila baada ya siku mbili, kabichi nzima inakaa muda mrefu ukibandua majani ya nje badala ya kuikata katikati, vitunguu na viazi visikae pamoja vinaozeshana. Usihesabu samaki kama chakula, nitaeleza kwa nini huko chini.

Hatua ya 3: kuingia mlangoni, ule uwazi wa kupitia kwenye mwamba

Ingia jua likiwa juu na mgongoni kwako, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mtu mmoja awe juu kwenye mlingoti au angalau omoni (mbele ya chombo) amevaa miwani ya polaroidi. Rangi ndio zinasema: buluu iliyokolea ni kina kirefu, buluu inayoelekea kijani kibichi ni mchanga na kina kinapungua, hudhurungi au njano ni tumbawe na liko karibu kuliko unavyodhani. Wingu likipita juu rangi zote zinapotea, simama hapo hapo usubiri lipite, usijifanye unakumbuka.

Mlango wa mwamba una mkondo. Subiri maji yakisimama, ila jua kwamba kwenye visiwa vya pete mawimbi makubwa yakiwa yanamwagika juu ya mwamba upande wa upepo, maji ya ndani yanajaa na yanatoka mlangoni karibu kutwa nzima, jedwali la kupwa na kujaa halitakusaidia. Mkondo unaotoka ukikutana na upepo unaoingia unapata mawimbi yamesimama wima mlangoni. Ukiyaona, geuza, lala nje baharini, ingia kesho. Tumeshalala nje usiku mzima tukizunguka huku tunaona minazi, watoto wanalia wanataka kuogelea, na ningefanya hivo tena.

Ramani za visiwa vya mbali nyingine zimepimwa zamani sana na zinaweza kupishana na GPS mita mia kadhaa, unaona kwenye skrini chombo kinapita juu ya nchi kavu. Pakua picha za setilaiti ukiwa bado na intaneti na uzilinganishe. Alafu, na hili ndo kubwa kuliko yote: washa kurekodi njia kabla hujaingia mlangoni. Ule mstari uliouchora ukiingia mchana na macho yanaona ndio njia yako pekee ya kutokea gizani. Uhifadhi kwenye vifaa viwili, na pointi zake kuu ziandike kwa kalamu kwenye daftari.

Hatua ya 4: nanga

Tafuta mchanga. Zunguka polepole duara zima ambalo chombo kitazungukia ukiwa na kipima kina, upepo unaweza kugeuka na majabali ya matumbawe yakawa ndani ya duara hilo.

Hesabu ya mnyororo watu wengi wanaikosea kwa sababu wanasoma kina tu. Chukua kina, ongeza maji yatakayopanda yakijaa, ongeza urefu wa omo kutoka majini. Kina mita 8, maji yatapanda mita 1.5, omo mita 1.2, jumla 10.7. Zidisha kwa 5 kwa hali ya kawaida, ni kama mita 54, na kwa 7 ukitarajia upepo mkali, mita 75. Shusha polepole chombo kikirudi nyuma, usiumwage mnyororo lundo moja juu ya nanga. Ukishashusha rudisha injini nyuma taratibu mpaka mnyororo ukaze, ongeza nguvu, shika sekunde thelathini huku unatazama alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnazi na jiwe au chochote, zisipishane.

Alafu zamia. Kwa maji ya joto na maangavu hivyo huna sababu ya kutozamia. Uone nanga imezama mchangani kwa macho yako.

Kama matumbawe yako karibu funga maboya madogo kwenye mnyororo, la kwanza baada ya kuacha chini urefu unaozidi kina kidogo, mengine kila mita 5 au 6, yanainua mnyororo usikwaruze chini. Yanaokoa matumbawe ambayo yamechukua miaka mingi kukua na yanakuokoa wewe. Mwisho funga kamba ya nailoni ya mita kama 8 kutoka kwenye mnyororo mpaka kikingi cha omo (kile kigingi cha kufungia kamba), nailoni inavutika, inakunywa mshtuko.

Maboya haya nilijifunza kwa ubaya. Usiku mmoja mwanangu mkubwa alikuja kunigusa bega, anasema kuna kitu kinasaga chini ya kitanda chake. Kitanda chake kiko omoni. Niliweka sikio kwenye ubao nikasikia krrr, krrr, kimya, alafu dung nzito iliyopita mpaka kwenye meno. Upepo ulikuwa umezunguka polepole, mnyororo umejizungusha kwenye jabali, mita 50 tulizokuwa tumetoa zimebaki kama 12, na kila wimbi likipita omo linavutwa chini kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Tulikaa macho mpaka alfajiri injini ikiwa inanguruma taratibu kupunguza mzigo, mwenzangu kwenye sukani mi omoni na tochi. Asubuhi nilizamia na kufungua kwa mkono, mizunguko miwili, na kwenye jabali kulikuwa na kovu jeupe linalong'aa. Kovu lile linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo kila jioni kabla ya chakula watoto wanachukua dira ya mkono wanapima alama tatu za nchi kavu na kuandika kwenye daftari lao tarehe, saa, nyuzi, kina. Mdogo anaandika namba kubwa kubwa zinazotoka nje ya mstari. Sio mchezo wa kuwashughulisha, alamu ya GPS inasema umetoka kwenye duara, daftari linakwambia unasogea kidogo kidogo ndani yake. Vyote viwili vifanye kazi, na taa ya nanga iwake hata kama mko peke yenu maili mia.

Hatua ya 5: watoto na siku zenyewe

Siku tatu za mwanzo ni sikukuu, ya nne mtoto anachoka na jua na kuanza kuvunja masharti, kwa hiyo sharti ziwe chache na zisibadilike. Kwetu ni nne. Hakuna anayeingia majini bila mkubwa kujua kwa jina, "niko majini" haitoshi, lazima ujibiwe. Hakuna anayeogelea peke yake hata kama anaogelea kama samaki. Giza likiingia ukitoka nje ya kibanda unavaa jaketi la kuelea. Na kwenye dingi, yaani boti ndogo ya kwendea ufukweni, ile kamba ya kuzima injini inafungwa mwilini mwa anayeendesha kila safari, hata ya dakika moja, maana akianguka injini ikaendelea dingi inazunguka na kumrudia na panga boi.

Masomo asubuhi kabla jua halijawa kali, saa mbili mpaka saa tano. Mchana wote kivulini, nguo za mikono mirefu zinasaidia kuliko mafuta ya jua na haziingii kwenye matumbawe. Ngazi ya kupandia chomboni ibaki majini wakati wote mtu anaogelea, na kamba ya mita 30 yenye boya ifungwe tezini ielee nyuma, mkondo ukimzidi mtoto ana cha kushika.

Hatua ya 6: mwili

Jeraha la tumbawe ndilo litakalokupata, na ndilo watu wanalidharau. Mwaka fulani kifundo changu cha mguu kilikwaruzwa kidogo tu, jeraha la urefu wa kucha, nikalisuuza kwa maji ya bahari nikaendelea. Siku ya tatu limevimba, linang'aa, mstari mwekundu unapanda kuelekea goti na homa juu. Antibayotiki tulikuwa nazo na zilifanya kazi, lakini zile saa za kusubiri tukiwa siku nne kutoka kwa daktari sizisahau. Sasa kila mkwaruzo unaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, unasuguliwa mpaka vipande vyote vya tumbawe vitoke, inauma lakini ndo dawa, alafu kiuaviini, na mwenye kidonda haingii majini mpaka kifunge. Mstari mwekundu au homa ni dawa na kujiandaa kuondoka siku hiyo hiyo.

Kabla ya safari kaa na daktari akuandikie antibayotiki na dozi zake, wapime watoto uzito na uandike dozi ya kila mmoja kwenye boksi lenyewe, usiku wa homa hutaweza hesabu. Kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo mfululizo. Ukikanyaga samaki jiwe tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadri unavyovumilia, kama nyuzi 45, yapimwe kwa mguu mzima sio ule uliochomwa maana hauhisi vizuri utababuka, dakika 30 hadi 90. Na wakataze watoto kabisa kuokota makombe yenye umbo la pia hata yakiwa mazuri vipi, baadhi yana konokono mwenye mwiba wa sumu ambayo haina dawa ya kuiondoa.

Sasa samaki. Kwenye matumbawe kunaota kijimea kidogo sana chenye sumu, samaki wadogo wanakila, wakubwa wanakula wadogo, na sumu inajikusanya. Inaitwa siguatera. Hauioni, haina harufu, kupika haiitoi, kugandisha haiitoi, kukausha kwa chumvi pia haiitoi. Anayeipata anatapika, anaharisha, midomo inawasha, na kitu cha baridi akishika anahisi kinachoma, hali hiyo inaweza kudumu wiki nyingi. Wenye hatari zaidi ni wakubwa wa mwambani: mzia, chewa wakubwa, mkunga. Kama kisiwa kina wenyeji waulize wao wanakula nini na wapi, manake upande mmoja wa kisiwa unaweza kuwa salama na mwingine sio. Kama hakuna watu sisi tunakula wa kilindini tu, jodari na wenzake, waliovuliwa nje ya mwamba tukiwa njiani.

Hatua ya 7: nchi kavu

Kama kuna watu, mkubwa wa kisiwa ndo wa kwanza kumwona, mkiwa mmevaa nguo kamili, na mkaombe ruhusa ya kuwepo, kuogelea na kuvua. Kama hakuna watu, fanyeni kama vile wapo. Usiketi chini ya mnazi wenye nazi. Vuta dingi juu kabisa ya alama ya maji kujaa na bado uifunge kwenye mti, dingi ikiondoka yenyewe umebaki na kuogelea. Msimu wa kasa zima taa zote ufukweni, vifaranga wanafuata mwanga na wanapotea njia ya bahari.

Takataka zote za plastiki zinarudi na nyie, MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, inakataza plastiki kutupwa baharini popote pale, lakini hata bila sheria ufukwe wenyewe utakwambia. Suuza kwa maji ya bahari, kata vipande, shindilia kwenye chupa tupu mpaka iwe ngumu kama tofali. Mwezi mzima wa watu wanne unaingia kwenye chupa chache tu.

Hatua ya 8: kutoka

Karatasi imebandikwa juu ya meza ya ramani, tuliiandika siku ya kwanza tukiwa na akili zimetulia: maji lita 130, tunaondoka. Dizeli imefika alama ya kalamu, tunaondoka. Homa isiyoshuka siku 2, tunaondoka. Utabiri unaonyesha upepo wa kutupiga kwenye mwamba, tunaondoka kabla haujafika, mchana. Ukisubiri mpaka uwe mahali hapo pazuri ndo uamue, utajibembeleza ukae siku moja zaidi. Hali ya hewa tunaichukua kwa simu ya setilaiti kila asubuhi, na kile kifaa cha kuita uokoaji cha 406 MHz kinajaribiwa mara moja kwa mwezi kwa kitufe chake cha kujipima tu.

Siku moja kabla, zamia ukague panga boi na sehemu ya kuingizia maji ya kupoza injini, wiki nne za maji ya joto zinatosha vijikombe (viumbe wadogo wenye gamba wanaoganda chini ya chombo) kuota na kuziba. Washa injini iende nusu saa. Dingi ipandishwe juu na kufungwa jioni, sio asubuhi. Pika chakula cha siku ya kwanza usiku huo, maana watoto wamelala mwezi mzima kwenye maji yaliyotulia na watachafukwa na bahari kama wageni.

Asubuhi subiri jua lipande. Mwenzangu kwenye sukani, mi omoni, mkono wangu unaonyesha mnyororo umeelekea wapi na chombo kinaufuata polepole, hatuuvuti kwa mashine ukiwa umekaza. Nanga ikitoka mtoto mkubwa anasoma ule mstari wa kuingilia kwa sauti, kushoto kidogo, nyooka, na mdogo anatazama rangi za maji pembeni. Nje ya mlango tukishapata maji ya buluu nzito nanga inafungwa kwa kamba mbili kitandani mwake, tanga linapanda, na kila mtu anakula wali wa jana ungali na joto la jua kwenye sufuria.